Tusitenge Vikombe, Tutenge Nyembe

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Miaka kumi si siku kumi. Tulipoanza chini ya mkwaju, tukiwa tumekaa watano watano, kila mmoja akishika hisa yake mkononi kama mtu aliyeshika yai, wapo waliosema, "Hao hawafiki mavuno, watagombana." Leo mavuno ya kumi yamepita na sanduku lipo, kufuli tatu zipo, na funguo tatu bado ziko kwa watu watatu tofauti. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumeliona kwa macho yetu. Watoto wamesoma, nyumba zimepata bati, na wapo wenzetu ambao jana walikuwa wakiazima pishi la mahindi na leo wanauza magunia.

Risala ya maendeleo katibu ameshaisoma, na mapato na matumizi mweka hazina ameyaeleza. Hatutayarudia. Sisi tumepewa nafasi hii tuseme jambo moja tu la afya, nalo ni ugonjwa wa homa ya ini B. Mtauliza, kikundi cha kuweka na kukopa na homa ya ini wapi na wapi? Hebu tusikilizane kwanza.

Tulipokaa kamati nzima kupitia daftari la mfuko wa jamii la miaka yote kumi, tulisoma mstari kwa mstari. Sanda. Jeneza. Nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya mkoa. Chakula cha msiba. Sanda tena. Mstari wa kinga, wa kuzuia ugonjwa kabla haujabisha hodi, karibu haupo. Mfuko tunaouita wa jamii umekuwa mfuko wa kuzikana. Kuzikana ni wajibu na ni heshima, wala hatusemi tuache. Lakini pesa inayotoka mtu akiwa amelala chini haimrudishi, na shilingi ile ile ingetoka mapema ingeweza kumwacha mtu sokoni anauza nyanya zake.

Mmoja wa wale tuliowazika tulikuwa tumekaa naye kundi moja. Alikuwa mtu wa kazi, hisa zake hazikosi. Alianza kuchoka, tukadhani ni jua la shambani. Tumbo likavimba, macho yakawa ya njano, na huku mtaani maneno yakawa mengi, wengine wakisema amerogwa kwa sababu ya duka lake. Alipofikishwa hospitali ilionekana ni saratani ya ini, na chanzo chake ni virusi vya homa ya ini B ambavyo alikaa navyo miaka mingi bila kujua. Hakurogwa na mtu. Ameacha watoto, na deni lake tulilibeba sisi watano watano kama katiba yetu inavyosema. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya walio hai, tulimwomba muuguzi aje atufundishe, naye akaja mara tatu. Haya tunayoyasema tumeyapata katika masomo hayo.

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuondoe mchanganyiko wa majina. Homa ya ini si homa ya manjano. Homa ya manjano huletwa na mbu. Homa ya ini ni ini kushambuliwa, na zipo za aina kadhaa. Ile ya A na ile ya E hupita zaidi kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Ile ya B na ile ya C hupita kwenye damu. Leo tunasema juu ya B, maana ni ya hatari, imeenea, na tena ina chanjo.

Ini ndilo karani mkuu wa mwili. Kila unachokula na kunywa linakipokea, linakikagua, linaweka akiba, na sumu linaitoa. Virusi vya B vikiingia kwenye damu vinakwenda kukaa hapo. Mtu mwingine huumwa baada ya mwezi mmoja hadi miezi kadhaa: mwili kuchoka, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, na macho kuwa ya njano. Lakini wengi, jamani, hawaoni dalili yoyote. Wanalima, wanazaa, wanacheza ngoma, na virusi vimo. Baada ya miaka ishirini au thelathini ini linakuwa gumu lenye makovu, au linaota saratani.

Hapa pana jambo la kushika kichwani. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hupigana na kushinda wenyewe ndani ya miezi sita. Katika watu 100 ni chini ya 5 ndio hubaki na virusi. Lakini mtoto mchanga akiambukizwa, mwili wake haujajua kupigana. Katika watoto 100 walioambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kama 90 hubaki navyo maisha. Kwa hiyo watu wazima wengi wenye ugonjwa huu wa kudumu waliupata siku ya kuzaliwa kwao au wakiwa bado wanatambaa na kucheza na wenzao.

Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi kwa kudumu, na waliokufa mwaka huo kwa sababu yake walikuwa kama milioni 1.1. Tena katika kila watu 100 wenye navyo, ni 13 tu waliokuwa wamepimwa wakajulikana. Waliobaki 87 walikuwa hawajijui. Huo ndio ubaya wa ugonjwa huu: unakopa bila kuandikisha daftarini, halafu unakuja kudai na riba.

UNAPITA WAPI, NA WAPI HAUPITI

Virusi hivi vinapita kwa damu na majimaji ya mwili, hasa kwa njia tatu. Mama kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kujamiiana bila kinga na mwenye navyo. Na damu ya mtu kuingia kwa mwingine kupitia kitu chenye ncha au kidonda. Vinaambukiza kwa urahisi kuliko virusi vya UKIMWI, mara 50 hadi 100. Nje ya mwili, kwenye tone la damu lililokauka ambalo hata hulioni, vinaweza kuishi siku saba au zaidi. Siku saba! Wembe uliotumika Jumapili na kuchomekwa kwenye fito za paa, Jumamosi bado una nguvu ya kuambukiza.

Sasa basi tuangalie hapa hapa kwetu, tusiende mbali. Wembe mmoja unanyoa watoto wanne wa nyumba moja, halafu wa jirani nao wanapangwa foleni. Msibani ndugu wananyolewa kwa wembe unaopokezana vichwa. Bibi anatoboa masikio ya wajukuu kwa sindano moja, akiipitisha kwenye moto kidogo. Mganga anachanja chale familia nzima na kupaka dawa. Mtoto akikohoa sana anapelekwa kukatwa kimeo kwa kisu ambacho jana kilimkata mwingine. Tohara inafanyika porini, kisu kimoja kwa vijana wote. Ukeketaji nao, ambao sheria ya mwaka 1998 imekataza kuwafanyia watoto wa kike, wapo wanaoufanya usiku kwa siri na kwa wembe wa kuazimana. Mama anajifungulia nyumbani, na shangazi anampokea mtoto kwa mikono mitupu yenye michubuko ya jembe. Kijana wa bodaboda anaanguka, tunakimbia kumwinua bila hata mfuko wa plastiki mkononi. Mashine ya kunyolea saluni inapita kichwa hadi kichwa. Nyumbani nako mswaki mmoja unatumiwa na mtu na mdogo wake.

Hizo ndizo njia. Hatukuzitaja ili kumsema mtu. Bibi anatoboa kwa mapenzi, na shangazi anapokea mtoto kwa huruma. Lakini virusi havitazami mapenzi.

Sasa tuseme na mahali ambapo ugonjwa huu haupiti, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa bure. Haupiti kwenye sahani wala kikombe. Haupiti kwa kula ugali sinia moja, kwa kushikana mikono, kukumbatiana, kukohoa au kupiga chafya. Haupiti kwenye maji ya kisima wala choo. Kunyonyesha hakuukatazi: mama mwenye virusi hivi ananyonyesha mtoto wake, hasa mtoto akiwa amepata chanjo.

Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu limetokea. Mwenzetu mmoja alipimwa alipokwenda kujitolea damu, akaambiwa ana homa ya ini B. Tunataja habari hii kwa ruhusa yake, na jina lake ni lake. Aliporudi na kusema ukweli nyumbani, kwa wakwe zake alitengewa kikombe, sahani na kijiko, vikawekwa kwenye ndoo nyuma ya mlango. Watoto wakaambiwa wasile alichopika. Mtu aliyewapikia miaka kumi na mitano! Na katika nyumba hiyo hiyo, wembe wa kukatia kucha ulikuwa mmoja, umechomekwa ukutani kwa ajili ya wote.

Mnaona, wenzetu? Kikombe kisichoambukiza ndicho kilichotengwa. Wembe unaoambukiza umeachwa unapita mkono kwa mkono. Basi kama kuna maneno mtakayoondoka nayo leo, yawe haya: tusitenge vikombe, tutenge nyembe.

KINGA

Daktari mmoja wa Marekani, Baruch Blumberg, ndiye aliyeongoza kazi ya kugundua virusi hivi katika miaka ya 1960, na mwaka 1976 alipewa tuzo ya Nobel. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana chanjo. Chanjo hii ni kinga ya homa ya ini na papo hapo ni kinga ya saratani. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga nchi nzima mwaka 1984, na miaka iliyofuata saratani ya ini kwa watoto wao ilipungua sana. Kwa hiyo hatusemi habari ya kubahatisha.

Hapa Tanzania chanjo hii iliingizwa kwenye chanjo za kawaida za watoto mwaka 2002. Sasa imo ndani ya sindano ya pentavalenti anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kwa hiyo mama, usiruke kliniki hata moja kwa kisingizio cha palizi. Sindano moja haitoshi, ni kama matofali matatu ya msingi, huwezi kuweka moja ukapandisha ukuta. Tena Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 tangu azaliwe, ili kumwahi yule anayezaliwa na mama mwenye virusi. Mjamzito aulize mapema, mimba ikiwa bado changa, chanjo hiyo ya siku ya kuzaliwa ataipatia wapi, asingoje uchungu umshike. Na akienda kliniki ya wajawazito aombe kupimwa homa ya ini B pamoja na vile vipimo vingine. Mama akikutwa na virusi vingi, zipo dawa anazoweza kupewa akiwa mjamzito zikapunguza hatari kwa mtoto.

Lakini tujitazame sisi wenyewe tuliokaa hapa. Tumezaliwa lini? Wengi wetu, na waume zetu, na watoto wetu wakubwa, tulizaliwa kabla ya mwaka 2002. Chanjo hiyo utotoni hatukuipata. Kwa hiyo sisi ndio wa kupima.

Kipimo ni damu kidogo tu. Majibu yakija, yako ya namna mbili. Ukikutwa huna virusi, chanja. Mtu mzima kwa kawaida hupata dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Ukimaliza umejenga ukuta. Kama mwili wako ulishawahi kuvishinda wenyewe, mtaalamu akikupima zaidi atakwambia, na chanjo huihitaji.

Ukikutwa unavyo, usikate tamaa wala usikimbilie mitishamba. Utapimwa tena kuona ini lina hali gani. Si kila mwenye virusi anaanza dawa siku hiyo. Wengine huangaliwa tu kila baada ya miezi, wengine hupewa kidonge cha kumeza kila siku. Kidonge hicho mara nyingi hakiviondoi kabisa, lakini kinavinyamazisha ini likapumzika. Wapo wanaoishi hivyo mpaka uzeeni. La muhimu ni kutoacha kwenda kuangaliwa hata ukijisikia mzima, na kutoacha dawa bila daktari kusema. Pombe uiache, maana ini lililojeruhiwa ukilimwagia gongo ni kama kidonda kukitia pilipili. Dawa za kuchemsha zisizojulikana nazo ziache, hata akikuletea ndugu. Watu wa nyumbani mwako wapimwe na wachanjwe. Mwenzi wako atumie kinga mpaka amalize chanjo. Na damu usijitolee.

Jambo jingine la jikoni kwetu na ghalani kwetu ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye karanga na mahindi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipatwa na ugonjwa uliotokana nayo, watu wakafa. Sumu hii nayo hula ini, na ikikutana na virusi vya homa ya ini B mwilini mwa mtu mmoja, hatari ya saratani inaongezeka sana. Kupika hakuiondoi. Basi tuanike juu ya turubai au kichanja, si udongoni. Tuhifadhi vikiwa vimekauka kweli. Karanga zilizosinyaa na zenye ukungu tuzitupe, tusizitwange tukazificha kwenye mboga, wala tusiwape kuku, wala tusizipeleke kilabuni. Wote tuliomo humu tunauza karanga au tunakula za mwenzetu. Anayeuza kibaba kibovu anamuuzia dada yake.

NDOA NA MKOPO

Tumeona tuseme wazi mambo mawili yanayowafanya watu waogope kupima.

La kwanza ni ndoa. Akina baba, tunaomba masikio yenu. Mama akirudi na majibu kwamba ana homa ya ini B, swali la kwanza lisiwe, "Umeitoa kwa nani?" Tumeshaeleza kwamba wengi wenye ugonjwa wa kudumu waliupata utotoni. Huenda aliupata siku anazaliwa, kabla hamjajuana, kabla hata ninyi hamjazaliwa. Vile vile baba akikutwa navyo, mama asifungashe vyombo. Majibu haya si ushahidi wa uzinzi, na mzee wa baraza asikubali yaletwe barazani kama ushahidi. Nendeni wawili mkapime wawili. Na nyumba yenye wake wawili, nendeni watatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini na anayemwaibisha mgonjwa ndiye anayemfundisha kuficha.

La pili ni mkopo, na hili linatuhusu sisi wa sanduku. Tunajua yanayosemwa pembeni. Mtu anajiuliza, nikijulikana nina virusi, nani atakubali kunidhamini? Wale wanne wa kundi langu si wataogopa kwamba nitakufa na deni? Ni hofu ya kweli, na tusiidharau, maana pesa ni ya kila mtu na imetoka jasho. Lakini tufikiri vizuri. Asiyejijua ndiye anayeweza kuanguka ghafla na kuacha deni. Aliyepima, anayekwenda kuangaliwa, anayefuata dawa, huyo amepunguza hatari yake na ya wadhamini wake. Kama ni kuogopa, tungeogopa kutojua. Na yule mwenzetu aliyetengewa kikombe kwa wakwe, daftari la marejesho lipo hapa mbele, hajachelewa hata mwezi mmoja.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mapendekezo haya, yapigiwe kura kwenye mkutano wa kwanza wa mzunguko mpya. Tunayasoma leo mbele ya wageni ili tusije tukayasahau.

Moja. Mfuko wa jamii utenge fungu la kinga, liandikwe ukurasa wake kwenye daftari, lisiguswe kwa jambo lingine. Fungu hilo lisaidie gharama ya kipimo cha homa ya ini B kwa kila mwanachama.

Mbili. Mwanachama asiye na pesa ya dozi tatu za chanjo akopeshwe bila riba, arejeshe kidogo kidogo ndani ya miezi ile sita ya chanjo. Atakayemaliza dozi ya tatu atakuwa amemaliza na deni.

Tatu. Majibu ni mali ya mwenyewe. Hakuna kiongozi wala mwanachama atakayeuliza mwenzake ana nini, wala majibu hayataandikwa daftarini. Kunyimwa mkopo au kudhaminiwa kwa sababu ya ugonjwa kuwe ni kosa ndani ya katiba yetu, na faini yake iwe sawa na ya mtu aliyetoa siri ya sanduku.

Nne. Wembe uwe wa mtu mmoja. Kwenye misiba yetu kikundi kipeleke pakiti ya nyembe mpya, kila kichwa wembe wake, kisha ziwekwe kwenye kopo gumu na kutupwa chooni. Pakiti ya nyembe ni rahisi kuliko sanda. Wasusi na wenye saluni miongoni mwetu wawe wa kwanza kuonyesha mfano. Vifaa visafishwe, kisha vilowekwe dakika kumi kwenye jiki iliyochanganywa na maji. Kwa jiki ya asilimia 3.5 kipimo kinachofundishwa ni kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Damu ikimwagika chini, maji hayo hayo yatumike, na mikono iwe ndani ya glavu au mfuko usio na tundu.

Tano. Mjamzito yeyote wa kikundi ajifungulie kituo cha afya. Nauli yake iwe imetengwa tangu mwezi wa saba wa mimba, tusianze kuchangishana usiku taa ya mkononi ikimulika.

Sita. Tarehe 28 Julai, ambayo dunia nzima huiadhimisha kama Siku ya Homa ya Ini, na ndiyo siku aliyozaliwa yule Daktari Blumberg, iwe siku yetu ya kwenda kupima kwa pamoja kila mwaka. Mwezi huo mavuno yanakuwa yameingia na pesa kidogo ipo. Tuanze viongozi. Sisi wa kamati tutatangulia mbele, na waume zetu wameahidi, tunawaona wamekaa pale, wasije wakatoroka.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunajua umekuja na zawadi yako kwa kikundi, na wanawake tumeshaanza kuikisia. Pamoja na hiyo tunakuomba jambo moja: utusemee huko wilayani chanjo ya watu wazima ifike karibu, mama asilazimike kupanda gari mara tatu kwenda mjini kwa ajili ya dozi tatu. Sisi tutaleta watu. Foleni ya kina mama wa kikundi hiki inajulikana, haina kusukumana.

Wanachama wenzetu, miaka kumi iliyopita hatukuwa na kitu isipokuwa kuaminiana. Tuliaminiana pesa, na hakuna aliyevunja kufuli. Sasa tuaminiane na afya. Anayepima asionewe haya, mwenye virusi asitengwe, na asiye navyo asichelewe kuchanja. Tuendelee kunywa uji wa mkutano kwenye vikombe vile vile, tukipokezana kama siku zote, na kila mmoja arudi nyumbani leo leo autafute ule wembe ulioko ukutani.

Kidumu kikundi chetu! Na afya zidumu!

Mungu abariki kazi ya mikono yetu.